Kodi ya Dhahabu Marekani Inamkwaza Mwenye Akiba Ndogo

Katika miaka ya karibuni dhahabu imetoka katika makabati ya masonara na vyumba vya hazina vya mabenki ikaingia katika orodha ya manunuzi ya familia za kawaida nchini Marekani, kiasi kwamba tangu mwaka 2023 maduka makubwa ya Costco, ambako watu huenda kununua mchele kwa magunia na mafuta ya kupikia kwa madumu, yanawauzia wanachama wake vipande vya dhahabu safi vyenye uzito wa wakia moja, yaani takribani gramu 31.1 kwa kipimo kinachotumika katika biashara ya madini ya thamani. Sambamba na mabadiliko hayo, jambo moja linajirudia kila mahali ambapo madini hayo yanauzwa: wanunuzi wawili wanaweza kuchukua sarafu ya aina moja, kwa bei moja, siku moja, lakini wakatoka na risiti zisizolingana, kwa kuwa mmoja ametozwa kodi ya mauzo na mwingine hakutozwa hata senti. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa sarafu wala uaminifu wa muuzaji, bali hutokana na jimbo aliko mnunuzi na, katika majimbo kadhaa, hutokana na ukubwa wa fungu la pesa aliloweza kuliweka mezani kwa mara moja.

Sababu ya kwanza, ile ya jimbo, ni tunda la mfumo wa shirikisho ambao Wamarekani waliuchagua wenyewe na wanaujua, lakini sababu ya pili haina utetezi. Msimamo wa makala haya ni kwamba kuyasamehe kodi ya mauzo madini yanayonunuliwa kama akiba ni jambo la haki, ila kuuwekea msamaha huo kizingiti cha kiasi cha pesa, ili anayenunua kwa maelfu asamehewe na anayenunua kwa mamia atozwe, ni kuigeuza haki hiyo miguu juu, na mabunge ya majimbo yenye sheria za namna hiyo yanawajibika kuzifuta.

Kodi ya majimbo, si ya taifa

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kodi moja ya ongezeko la thamani inayotozwa nchi nzima kwa kiwango kimoja, anaweza kushangaa kusikia kwamba Marekani haina kodi ya aina hiyo katika ngazi ya taifa. Kinachotozwa dukani ni kodi ya mauzo, nayo ni mali ya majimbo: kila jimbo huamua kiwango chake, huamua bidhaa zipi zitozwe na zipi zisamehewe, kisha wilaya na miji huruhusiwa mara nyingi kuongeza asilimia zake juu ya kiwango cha jimbo. Majimbo 45 pamoja na mji mkuu wa Washington, D.C., yana kodi hiyo, na majimbo 5 hayana kodi ya mauzo ya jimbo, nayo ni Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, ingawa katika Alaska serikali za mitaa huweza kutoza ya kwao.

Athari ya mpangilio huo inaonekana waziwazi katika pwani ya magharibi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 jimbo la Washington limefuta msamaha lililokuwa likiutoa kwa vipande na sarafu za madini ya thamani, hivyo mkazi wa Seattle, ambako kodi ya jimbo na ya mji zikijumlishwa hupita asilimia 10, akinunua sarafu ya dhahabu ya dola 4,000 atalipa zaidi ya dola 400 kwa serikali, ilhali mnunuzi wa Portland katika jimbo jirani la Oregon, ambako gari hufika kwa muda wa saa tatu hivi, atalipa dola 4,000 zilezile bila nyongeza. Mkazi wa Seattle hawezi kisheria kukwepa deni hilo kwa kuvuka mpaka, kwa sababu majimbo yanayotoza kodi ya mauzo yana pia kodi pacha iitwayo kodi ya matumizi, ambayo humtaka mtu aliyenunua kitu nje ya jimbo bila kutozwa akilipie atakapokileta nyumbani. Hata hivyo kila anayejua namna wakia moja inavyokaa mfukoni anaelewa ugumu wa kuisimamia sheria hiyo.

Historia inaeleza kwa nini sheria hizi hazikuifikiria dhahabu tangu mwanzo. Kodi ya mauzo ilienea katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, pale majimbo zaidi ya 20 yalipoikimbilia baada ya mapato mengine kukauka, na ni katika miaka hiyohiyo, tarehe 5 Aprili 1933, Rais Franklin Roosevelt alipowaamuru raia wasalimishe sehemu kubwa ya sarafu na vipande vya dhahabu walivyokuwa navyo kwa bei ya dola 20.67 kwa wakia, bei ambayo serikali iliipandisha hadi dola 35 mwaka uliofuata. Amri hiyo ilibakiza nafasi ya vito na ya sarafu adimu za wakusanyaji, lakini dhahabu kama akiba ya raia wa kawaida ilikuwa imeondolewa mikononi mwake, na haki ya kuimiliki kwa uhuru haikurudi mpaka tarehe 31 Desemba 1974. Kwa hiyo sheria nyingi za kodi ya mauzo ziliandikwa katika kipindi ambacho hapakuwa na raia wa kununua kipande cha dhahabu cha kuhifadhi, na ruhusa ilipotoka tena, hasa baada ya serikali kuanza mwaka 1986 kuuza sarafu zake za dhahabu na za fedha ziitwazo American Eagle, kila jimbo lililazimika kujiuliza kama sarafu hiyo ni bidhaa kama kiatu au ni pesa iliyobadilishwa sura.

Kwa nini akiba isitozwe kama matumizi

Majimbo mengi yamejibu kwamba si kiatu. Texas, Pennsylvania, Georgia, Arizona, Alabama, Tennessee na mengine mengi husamehe kabisa vipande na sarafu za uwekezaji, huku sehemu chache kama Vermont, Hawaii, New Mexico na mji mkuu zikiendelea kuvitoza kama bidhaa nyingine yoyote. Hoja inayotajwa mara nyingi zaidi katika mabunge hayo ni ya kikatiba, kwamba Ibara ya kwanza ya Katiba ya Marekani, kifungu cha kumi, inayakataza majimbo kufanya kitu kingine chochote isipokuwa sarafu za dhahabu na fedha kuwa malipo halali ya deni, na kwamba kwa sababu hiyo kuitoza kodi sarafu ya dhahabu ni sawa na kumtoza mtu anayebadilisha noti. Utah ilikwenda mbali zaidi mwaka 2011 kwa kupitisha sheria inayozitambua sarafu za dhahabu na fedha zilizotolewa na serikali ya Marekani kuwa pesa halali jimboni humo. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini inayumba ikipelekwa sokoni, kwa sababu sarafu ya American Eagle ya wakia moja ya dhahabu imeandikwa dola 50, wakati dhahabu iliyomo ndani yake ilivuka dola 4,000 mwezi Oktoba 2025, na hakuna mwenye akili timamu atakayeitoa kununulia mkate kwa thamani iliyoandikwa usoni.

Hoja yenye nguvu zaidi ni nyepesi kueleweka na inahusu nyumba ya kila mtu. Kodi ya mauzo imekusudiwa kuangukia matumizi ya mwisho, yaani kitu ambacho mlaji hukila, hukivaa au hukichakaza, ilhali mtu anayenunua kipande cha dhahabu hakitumii, bali anahamisha akiba yake kutoka katika noti kwenda katika madini, kwa nia ya kuirudisha katika noti siku ya ada ya shule, ya ugonjwa au ya uzee. Anayeweka pesa benki hatozwi kodi ya mauzo kwa kuziweka, na anayenunua hisa za kampuni au hati za dhamana za serikali hatozwi kwa kuzinunua. Kwa nini basi anayechagua madini atozwe? Tena dhahabu haipiti bila kodi, kwa sababu serikali kuu huihesabu kuwa kitu cha wakusanyaji, na faida inayopatikana kwa kuiuza baada ya kuishikilia zaidi ya mwaka mmoja inaweza kukatwa hadi asilimia 28, ambapo faida ya hisa zilizoshikiliwa kwa muda kama huo haizidi kiwango cha asilimia 20.

Hesabu ya mnunuzi mdogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Madini yenye thamani ya dola 100 hayauzwi kwa dola 100, kwa kuwa muuzaji huongeza gharama ya kuyatengeneza, kuyasafirisha na faida yake, na nyongeza hiyo ikiwa dola 5, kisha kodi ya asilimia 8 ikapigwa juu ya dola 105, mnunuzi anatoka na risiti ya dola 113.40. Siku atakapoyauza, hakuna atakayemrudishia nyongeza wala kodi, maana anayenunua huangalia bei ya madini peke yake, hivyo bei lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 13 kabla ya mtu huyo kurudi pale alipoanzia. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba iliyoanza kwa kukatwa sehemu kubwa kiasi hicho inahitaji miaka ya subira ili iponye jeraha la siku ya kwanza.

Kizingiti kinachompendelea mwenye nacho

Ikiwa hoja ya akiba inakubalika, ingetarajiwa iwakinge kwanza wenye akiba ndogo. Majimbo kadhaa yenye watu wengi na uchumi mkubwa yamefanya kinyume chake. California husamehe vipande vya dhahabu na fedha pamoja na sarafu zinazohusika endapo jumla ya mauzo kwa mkupuo mmoja inafikia dola 2,000 au zaidi, na chini ya hapo hutoza kodi kamili, ambayo hakuna mahali katika jimbo hilo inapopungua asilimia 7.25. New York inataka mauzo yazidi dola 1,000. Massachusetts na Connecticut nazo zimeweka dola 1,000, na Florida kwa miaka mingi ilitumia dola 500, hadi mwaka 2025. New Jersey, iliyoanza kutoa msamaha tarehe 1 Januari 2025, ilikuwa na nafasi ya kuandika sheria mpya bila kosa la majirani zake, lakini nayo ikaweka kizingiti cha dola 1,000.

Matokeo ya sheria hizo hayahitaji mtaalamu wa uchumi kuyaona. Katika California mtu anayenunua sarafu za fedha za dola 1,900 analipa kodi isiyopungua dola 137.75, hivyo jumla yake inafika dola 2,037.75, wakati anayenunua za dola 2,000 analipa dola 2,000 tu na kuondoka na madini mengi zaidi kwa pesa chache zaidi. Katika jiji la New York, ambako kodi zote zikijumlishwa hufika asilimia 8.875, mnunuzi wa vipande vya dola 900 hulipa karibu dola 980, ilhali anayeongeza dola 120 tu juu ya hizo hupata vya dola 1,100. Sheria gani ya akiba inamwadhibu mtu kwa kukosa dola 100 za mwisho?

Ikumbukwe pia kwamba kaya nyingi hazina uwezo wa kutenga dola 2,000 kwa siku moja. Kaya inayoishi kwa mshahara wa kila wiki mbili, ambayo hulipa pango, bima ya gari na chakula kabla ya kubakiwa na kitu, inaweza kutenga dola 150 kwa mwezi, na ikifanya hivyo mwaka mzima itakuwa imenunua madini ya dola 1,800 na kulipa California angalau dola 130.50 za kodi. Jirani yake mwenye akaunti nene akinunua ya dola 20,000 kwa asubuhi moja halipi chochote. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo kila mzazi anavyomfundisha mwanawe, lakini katika majimbo haya kila haba hukatwa kodi na kibaba kikinunuliwa kwa mara moja hupita bure.

Kupanda kwa bei ya dhahabu kumeufanya ubaguzi huo uwe mkali zaidi kuliko watunga sheria walivyokusudia. Wakati wakia moja ya dhahabu ilipokuwa chini ya dola 1,500, mnunuzi wa sarafu moja huko California naye aliangukia upande wa kutozwa, hivyo kizingiti kiliwagusa wengi. Dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2020, ikavuka dola 3,000 mwezi Machi 2025 na dola 4,000 miezi saba baadaye, na kwa bei hizo sarafu moja tu ya wakia inaruka vizingiti vyote vilivyotajwa. Wanaobaki chini ni wanunuzi wa fedha, ambayo tangu zamani ni madini ya watu wa kipato cha chini, pamoja na wanaonunua dhahabu kwa vipande vidogo vya gramu moja kwa kuwa hawana uwezo wa zaidi. Yaani kodi iliyobaki katika majimbo hayo imegeuka kuwa kodi ya umaskini kwa kila maana ya neno hilo.

California ina kasoro nyingine ya ziada, kwamba kiwango chake hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei, na ndivyo kilivyotoka dola 1,500 hadi dola 2,000 kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Watu hununua madini ya thamani ili kujikinga na mfumuko wa bei, kisha mfumuko huohuo unatumiwa na sheria kuwaondolea msamaha, kwa kuwa kila kizingiti kinapoinuliwa kundi jingine la wanunuzi wadogo linasukumwa nje.

New York imejaribu kuwa makini kwa njia nyingine inayostahili kutajwa, kwa kuwa inaonyesha kwamba watunga sheria wanaweza kutofautisha akiba na pambo bila kutazama mfuko wa mnunuzi. Mbali na kizingiti cha dola 1,000, sheria yake huangalia uwiano kati ya bei ya kuuzia na thamani ya madini yaliyomo: bei isizidi asilimia 115 ya thamani hiyo kwa jumla, asilimia 120 kwa sarafu za dhahabu zenye robo ya wakia au chini yake, na asilimia 140 kwa sarafu za fedha. Mantiki yake ni kwamba sarafu inayouzwa kwa bei inayokaribia thamani ya madini yake ni akiba, na ile inayouzwa kwa bei ya mbali kabisa na thamani hiyo inanunuliwa kwa uadimu au uzuri wake. Kipimo hicho kinajitosheleza. Kilichobaki ni kukiondolea kizingiti cha pesa kilichofungwa pamoja nacho.

Wapo wanaotetea vizingiti kwa kusema kwamba vinarahisisha kazi ya wakaguzi, au kwamba mnunuzi mdogo ni mtu wa kununua kumbukumbu na zawadi, si mwekezaji. Utetezi wa kwanza hausimami, kwa sababu ni rahisi zaidi kwa muuzaji na mkaguzi kusamehe vipande vyote kuliko kupiga hesabu ya kila risiti, na utetezi wa pili ni dharau kwa wenye kipato kidogo, unaochukulia kwamba mtu mwenye dola 150 hawezi kuwa na mpango wa kesho. Pengine sababu ya kweli ni kwamba wanaokwenda mbele ya kamati za mabunge kutoa maoni ni wafanyabiashara na wakusanyaji wakubwa, nao wakishapata msamaha unaowatosha hurudi nyumbani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sarafu na bangili

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, wakiwemo Watanzania na Wakenya wa Houston au Wakongo na Warundi waliotawanyika katika miji ya kati na ya kaskazini, kodi hii ina sura nyingine ambayo haitajwi sana mabungeni. Katika desturi za Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, dhahabu ya mwanamke haikai katika sanduku la benki bali hukaa mkononi na shingoni, ikiwa bangili, mkufu na herini anazopewa harusini na ambazo ni mali yake mwenyewe, asizoweza kunyang'anywa na mume wala wakwe, na ambazo huuzwa au huwekwa rehani siku ya dhiki. Hiyo ni akiba kamili, iliyowaokoa wajane na walioachwa vizazi kwa vizazi, lakini sheria za kodi za majimbo ya Marekani huitazama kama pambo, nayo hutozwa kama zinavyotozwa bidhaa nyingine za anasa.

Ulinganisho mmoja unaonyesha ugumu uliopo. Sarafu ya American Eagle ina dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba na fedha za kuipa ugumu, na bangili ya karati 22 inayopendwa na masonara wa Dubai, Mumbai na Mombasa ina usafi huohuo. Moja husamehewa katika majimbo mengi na nyingine hutozwa, japo zikiyeyushwa pamoja hakuna sonara atakayeweza kuzitofautisha. Sheria hujitetea kwamba bei ya bangili ina ujira wa fundi na kwamba bangili huvaliwa, na utetezi huo una ukweli ndani yake, maana ujira wa fundi ni huduma iliyotumika na haurudi siku ya kuuza. Hata Falme za Kiarabu, zilizoanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 mwaka 2018, huitoza bangili na kuisamehe dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea.

Kwa sababu hiyo haitakuwa haki kudai kwamba vito vyote visamehewe. Linalopaswa kusemwa ni kwamba familia zinazohifadhi akiba kwa njia ya bangili zinabeba kodi ambayo hazikuizingatia, na kwamba mama anayemwekea binti yake dhahabu akiwa Marekani angefanya vyema kutenganisha mambo mawili: vito vya kuvaa harusini, ambavyo atavilipia kodi akijua, na akiba ya baadaye, ambayo ingekuwa salama zaidi ikiwa katika sarafu. Hapo ndipo kizingiti kinapomrudia tena, kwa sababu akiamua kununua sarafu ndogo moja kila baada ya miezi michache, kama alivyokuwa akinunua bangili moja moja, anakutana na kodi ileile aliyotaka kuiepuka. Wengine hupata nafuu kupitia upatu, ambapo zamu ya mwanachama ikifika anapokea fungu linaloweza kuvuka dola 1,000 kwa mkupuo, lakini sheria ya haki haipaswi kumlazimisha mtu aingie katika upatu ili atendewe sawa na tajiri.

Pengo la bajeti na dhahabu inayovuka mpaka

Upo upande wa pili wa mjadala huu, nao unasemwa na watu wenye nia njema. Washington ilifuta msamaha wake wakati jimbo likikabiliwa na upungufu wa bajeti, na Maryland, iliyokuwa ikisamehe mauzo yanayozidi dola 1,000, iliubana msamaha wake kuanzia tarehe 1 Julai 2025 kwa sababu zinazofanana, ikaubakiza kwa mauzo yanayofanyika katika jumba la mikutano la mji wa Baltimore, ambako hufanyika maonyesho makubwa ya sarafu. Wanaotetea hatua hizo huuliza kwa nini maziwa ya unga na madaftari yachangie mishahara ya walimu mahali ambapo hutozwa, huku mwenye vipande vya dhahabu akipita bila kuchangia. Swali hilo ni zito, na majibu ya harakaharaka ya wauza dhahabu hayalitoshi.

Hata hivyo majaribio yaliyokwisha kufanyika yanafundisha. Louisiana iliufuta msamaha wake mwaka 2016 na kuurudisha mwaka uliofuata. Ohio iliufuta mwaka 2019 na kuurudisha mwaka 2021. Majimbo hayo mawili hayana historia ya kuzionea huruma kodi zinazoingiza pesa nyingi, na kurudi nyuma kwao kwa haraka kunatokana na tabia ya bidhaa yenyewe: dhahabu ina thamani kubwa katika ujazo mdogo, mnunuzi wake mkubwa anaweza kusafiri au kuihifadhi nje ya jimbo, na maonyesho ya sarafu, ambayo hujaza hoteli na migahawa kwa siku kadhaa, huhamia jimbo jirani msimu unaofuata. Texas imelifahamu jambo hili kiasi kwamba, baada ya sheria ya mwaka 2015, ilianzisha hazina ya jimbo ya kuhifadhia madini ya watu binafsi, iliyofunguliwa mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 2018, tarehe 21 Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, ikayaruhusu majimbo kuwalazimisha wauzaji walio nje ya mipaka yao wakusanye kodi ya mauzo hata kama hawana duka wala ghala ndani ya jimbo, na kuitangua hukumu ya mwaka 1992 iliyokuwa imewakinga. Kabla ya hapo mnunuzi mdogo aliyeagiza sarafu tano za fedha kwa njia ya intaneti aliweza kupona; baada ya hapo kampuni kubwa za kuuza madini kwa njia hiyo zilianza kukata kodi kufuatana na anwani ya mteja na kizingiti cha jimbo lake. Kwa ufupi, mwenye dola 50,000 bado ana njia nyingi, ikiwemo ya kununua na kuhifadhi nje ya jimbo, lakini mlango pekee wa mwenye dola 200 ulikuwa mtandao, na mlango huo umefungwa.

Hapa ndipo hoja ya pengo la bajeti inapogongana na ukweli wa nyumbani. Ikiwa jimbo linahitaji pesa, na mara nyingi linazihitaji kweli, lina kodi ya mapato na kodi ya majengo zinazoweza kupimwa kwa uwezo wa mlipaji, na Washington, isiyo na kodi ya jumla ya mishahara, ina kazi kubwa ya kufanya huko kabla ya kuigusa akiba. Na ikiwa bunge limeamua kwa dhati kwamba madini ni bidhaa kama nyingine, basi na liyatoze yote kama Washington ilivyofanya, tajiri na maskini kwa kiwango kimoja, kwa kuwa uamuzi huo, japo si mwema, una usawa ndani yake. Jimbo lisiloweza kutetewa kwa hoja yoyote kati ya hizo mbili ni lile linalosema kwamba dhahabu ni akiba ikinunuliwa kwa wingi, na ni bidhaa ikinunuliwa kidogo.

Linalowapasa wabunge na wanunuzi

Wanunuzi wanaosoma Kiswahili na wanaoishi katika majimbo hayo wanashauriwa, kabla ya kutoa pesa, wamtake muuzaji aandike kodi katika mstari wake peke yake kwenye risiti, waulize kizingiti cha jimbo lao ni kipi na kinahesabiwa kwa risiti moja au vipi, na wasikubali kushawishiwa kukopa ili wakifikie, kwa sababu riba ya kadi ya mkopo itakula kodi waliyoiokoa na zaidi. Walio raia na wapiga kura wamwandikie mbunge wa jimbo lao, ambaye kwa kawaida hupokea barua chache sana kuhusu jambo hili, na kila barua inayotoka kwa mwenye akiba ndogo ni sauti ambayo kamati za fedha hazijaizoea.

Wabunge wa California, New York, New Jersey, Massachusetts na Connecticut hawaombwi kubuni jambo geni, wala hawaombwi kuachia mapato makubwa, kwa kuwa wanunuzi wakubwa tayari wamekwisha kusamehewa na kinachokusanywa ni kutoka kwa wale wa chini. Texas ilikuwa na kizingiti cha dola 1,000 na ikakifuta tarehe 1 Oktoba 2013. Virginia nayo ilikuwa na kizingiti cha dola 1,000, na tangu tarehe 1 Januari 2023 anayenunua huko wakia moja ya fedha husamehewa kodi sawa na anayenunua mia moja.